Meli ya GT 496, na namba ambazo muuzaji hakuzitaja

Swali la msomaji: Shikamoo mzee wangu. Mimi na ndugu zangu wawili tunafanya biashara ya saruji, unga na vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Tumechoka kusubiri nafasi kwenye meli za watu na sasa tunataka kununua ya kwetu. Tumeonyeshwa meli ya mizigo iliyoko Sharjah, ya mwaka 1984, urefu mita 49, GT 496. Tunataka ifanye Tanga, Mombasa, Dar na Unguja, na mara moja moja ifike Moroni, Komoro. Muuzaji anasema iko chini ya 500, kwa hiyo masharti ya SOLAS hayaihusu, na vyeti vyake vyote viko hai hadi mwakani. Ni vifaa gani vya usalama tunavyotakiwa kuwa navyo, na je, tunaweza kununua vilivyokwisha kutumika ili kupunguza gharama?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla sijasema lolote kuhusu vifaa, naomba msitoe hata arubuni mpaka mmalize kusoma. Nilianza kama fundi kwenye vyumba vya injini za meli za mizigo, kisha nikawa mkaguzi, na maneno ya huyo muuzaji nimeyasikia mara nyingi. Hajakudanganya. Amekutajia namba moja ya kweli na kunyamazia zilizobaki, na hizo alizozinyamazia ndizo zitakazoisimamisha meli yenu gatini Mombasa huku saruji ikishika unyevu.

Tuanze na GT yenyewe, maana wafanyabiashara wengi hudhani ni uzito. GT ni kipimo cha ujazo wa nafasi zote zilizofungwa ndani ya meli, kwa kanuni ya mkataba wa vipimo wa mwaka 1969. Meli ya GT 496 inaweza kubeba mzigo wenye tani nyingi kuliko 496. Ukiona meli kuukuu za mwambao zimejazana kwenye 496, 498 na 499, usidhani ni bahati. Walizichora wakiutazama mpaka wa 500, kwa sababu Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, yaani SOLAS, husamehe sehemu kubwa ya masharti yake kwa meli za mizigo zilizo chini ya mpaka huo. Hapo muuzaji yuko sahihi.

Lakini mpaka huo hauzihusu sura zote. Sura ya nne, inayoshughulika na redio za dharura, inaanzia GT 300. Sura ya tano, ya usalama wa uongozaji chombo, inagusa karibu kila chombo, na ndani yake kila kifaa kina namba yake. Dira na ramani za bahari ni za kila meli. Kengele ya zamu ya darajani, ile inayolia kama mshika zamu hajagusa kitu kwa dakika kadhaa kwa sababu amelala au amezimia, inaanzia GT 150. Rada, kipima kina na AIS, mtambo unaotangaza jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake, vinaanzia 300 kwa safari za kimataifa. Mkataba wa MARPOL wa kuzuia uchafuzi unadai cheti cha mafuta kuanzia GT 400. Kwa hiyo meli yenu itatakiwa kuwa na mashine ya kutenganisha mafuta na maji ya ngama, yaani maji machafu yanayokusanyika chini kabisa ndani ya meli, isiyoruhusu zaidi ya sehemu 15 za mafuta kwa milioni kutoka nje, pamoja na daftari la kumbukumbu za mafuta linalojazwa kila siku inapostahili. Mkataba wa kuondoa mabaki ya meli zilizozama, uliopitishwa Nairobi mwaka 2007, unadai bima kuanzia GT 300. Na mkataba wa mistari ya kupakia wa mwaka 1966 hauangalii GT kwa meli mpya bali urefu, na mpaka wake ni mita 24. Ya kwenu ina 49.

Kisha kuna neno safari ya kimataifa. Najua kutoka Tanga hadi Mombasa ni kama kwenda kwa jirani, wengine mna shangazi huko. Sheria haipimi maili. Ukitoka bandari ya nchi moja ukaingia ya nchi nyingine, hiyo ni safari ya kimataifa, sawa na aliyetoka Shanghai. Tanga kwenda Dar au Unguja ni safari ya ndani, na hapo zinatumika sheria za nchi. TASAC, shirika la serikali linalosimamia mambo ya meli, wanasimamia Bara, Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, na kila mmoja ana haki ya kukudai vifaa hata kama mkataba wa kimataifa umekusamehe. Ukivuka Vanga kuingia Kenya unakutana na mamlaka ya bahari ya Kenya. Kenya, Tanzania na Komoro zote zimo katika makubaliano ya ukaguzi wa meli ya Bahari ya Hindi, yaliyoanza kutumika mwaka 1999, na taarifa za ukaguzi hupitishwa kutoka bandari moja hadi nyingine. Meli ikizuiwa Mombasa leo, Moroni watajua kabla hamjatia nanga. Tena mkaguzi akikuta chombo kilicho chini ya ukubwa unaotajwa na mkataba hasemi "basi, huyu kasamehewa". Anajiuliza kama chombo hiki ni hatari dhahiri kwa waliomo, na akiona ni hatari anakizuia.

Sasa vyeti. Vyeti vilivyo hai hadi mwakani ni vyeti vya bendera iliyopo leo, yaani nchi ambako meli imesajiliwa. Siku mnapoisajili meli chini ya bendera nyingine, vyeti vya SOLAS vilivyotolewa kwa bendera ya zamani vinakoma. Havisubiri mwakani. Mtaanza upya: ukaguzi, vipimo, gharama. Kwa hiyo thamani ya kile alichokuonyesha muuzaji kama mali ni ndogo sana kwenu, isipokuwa mbaki na bendera ileile. Mimi husema wazi kwa wanunuzi: kodini mkaguzi wenu wenyewe, asiyelipwa na muuzaji wala dalali, aingie melini kabla ya mkataba. Wengi huona hiyo ni hasara. Nimeona familia iliyouza nyumba mbili kununua meli ambayo haikupata kutoka kwenye maji ya bandari iliyonunuliwa.

Umri nao una sheria zake, na hapa kuna jambo linalowachanganya hata mabaharia wenye vyeti vikubwa. Masharti mengi ya ujenzi na vifaa hufuata tarehe ulipolazwa mkuku wa meli, yaani uti wake wa chini, ujenzi ulipoanza. Meli ya 1984 inaruhusiwa kuendelea na mambo kadhaa ambayo meli mpya haiwezi kuruhusiwa. Mfano ninaoukumbuka kwa uchungu ni El Faro, meli ya Marekani ya mwaka 1975, iliyozama karibu na Bahamas tarehe 1 Oktoba 2015 ndani ya kimbunga Joaquin. Mashua zake za kuokolea zilikuwa za wazi, za mtindo wa kale. Meli zilizojengwa kuanzia Julai 1986 zilishatakiwa kuwa na mashua zilizofunikwa kabisa, lakini yeye alitangulia, hivyo kisheria alikuwa sawa. Watu 33 walikuwemo, hakupona hata mmoja. Simaanishi mashua peke yake ndiyo iliyowaua. Namaanisha kwamba kuruhusiwa na kuwa salama ni mambo mawili, na mwenye meli ndiye anayechagua moja kati ya hayo kwa pesa zake.

Ushauri wangu ni kwamba msiivalishe meli hiyo vifaa vya GT 496. Ivalisheni kama ni 500. Tofauti ya gharama ipo, sikatai, lakini ni ndogo ukiilinganisha na bei ya chombo.

Kwa meli ya mizigo isiyofika mita 85, isiyo ya mafuta wala kemikali, SOLAS inakubali rafti za kujaa hewa badala ya mashua kubwa za kuokolea, mradi kila upande ziwepo za kutosha watu wote, na kama haziwezi kuhamishwa kirahisi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila upande ziwe na nafasi kwa asilimia 150 ya waliomo. Pamoja nazo inatakiwa boti ndogo ya kumtoa mtu aliyeanguka majini. Kwa meli yenu yenye mabaharia wanane au tisa, huo si mzigo mkubwa. Maboya ya mviringo kwa meli iliyo chini ya mita 100 ni manane, nusu yake yakiwa na taa zinazojiwasha. Jaketi okozi ni moja kwa kila kichwa, zenye taa, filimbi na ukanda unaong'aa, pamoja na za ziada kwa walio zamu darajani na kwenye injini, kwa sababu moto ukizuka mtu hatarudi kabini kufuata jaketi yake. Fataki nyekundu za parashuti ni 12, zikae darajani. Suti nene za kuzuia baridi ya maji, nchi ya bendera inaweza kuzisamehe kwa meli inayokaa kwenye bahari ya joto kama yetu, na mimi sioni ubaya wa msamaha huo.

Nikae kidogo kwenye rafti, kwa sababu hapo ndipo nimeona makosa mengi kuliko pengine popote.

Rafti imefungwa ndani ya pipa jeupe, na pipa limelazwa kwenye kitanda chake kwa mkanda. Mkanda huo hushikwa na kifaa kidogo, mabaharia wengi wanakiita haidrostatiki. Meli ikizama na nyie hamkuwahi kufungua chochote, maji yakifika kina kisichozidi mita nne yanakifyatua kifaa hicho kwa mgandamizo, kisu cha ndani kinakata, mkanda unaachia, na pipa linaelea kwenda juu. Kamba ndefu iliyomo ndani ya pipa inabaki imeshikamana na meli inayoendelea kushuka, kwa hiyo inavutika mpaka inafungua chupa ya gesi, na rafti inajaa. Sasa meli inataka kuivuta rafti chini. Hapo ndipo kinapofanya kazi kiungo chekundu chembamba kilichotengenezwa makusudi kiwe dhaifu. Kinakatika, rafti inabaki juu ya maji ikiwasubiri watu.

Kila hatua katika hizo inategemea jinsi mtu mmoja alivyofunga kamba miezi mingi iliyopita. Akifunga ile kamba ndefu moja kwa moja kwenye chuma cha meli bila kupitia kiungo dhaifu, rafti itajaa kisha itavutwa kwenda chini pamoja na meli. Asipoifunga mahali popote, pipa litaelea likiwa limefungwa, na watu watalishika kama wanashika gogo. Nilipanda meli moja iliyotia nanga nje ya bandari, ya mizigo kama yenu, nikakuta rafti mbili mpya zenye vyeti vya huduma vya mwezi uleule. Zote mbili zilikuwa zimezungushwa kamba ya nailoni mara tatu juu ya mkanda na kufungwa fundo ambalo lilihitaji kisu. Nikamuuliza sarahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, kwa nini. Akaniambia bila kuficha: "Tulizifunga zisiibiwe usiku." Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, hakuna aliyewahi kumweleza kile kifaa kinafanya nini. Kwenye karatasi meli ile haikuwa na kosa. Ingezama usiku ule, rafti zile zingekwenda nayo.

Haidrostatiki za kutupwa zina uhai wa miaka miwili tangu zifungwe, na tarehe hutobolewa juu yake. Rafti yenyewe hupelekwa kila mwaka kwenye kituo kilichoidhinishwa na kiwanda, ikafunguliwe, ijazwe, ikaguliwe na kukunjwa tena. Kituo chochote kinachokupa cheti bila kulifungua pipa kimekuuzia karatasi.

Kuhusu redio, liko kosa la wanunuzi wapya ambalo huwa silioni likitajwa. EPIRB, ule mtambo unaorusha ishara ya dharura kwa setilaiti kwenye masafa ya megahezi 406, huwa umeandikwa ndani yake utambulisho wa meli. Mara nyingi utambulisho huo ni MMSI, namba ya redio za meli yenye tarakimu tisa, na tarakimu tatu za mwanzo ndizo zinazotaja nchi: 634 ni Kenya, 674 na 677 ni Tanzania. Mkibadili bendera bila kuuandika upya mtambo huo na kuusajili, siku ya dharura setilaiti itawaona, lakini taarifa itabeba jina la meli ya zamani na bendera ya zamani, na simu ya kwanza itapigwa kwa mtu aliyewauzia, ambaye pengine atasema "hiyo meli siyo yangu tena" na kurudi kulala. Saa zinapotea hapo. Kituo cha uratibu wa uokoaji cha Mombasa kinafanya kazi tangu 2006 kwa ajili ya ukanda wetu, kipeni nafasi ya kuwajua nyie ni nani. Redio za VHF pekee, zile zinazofika karibu tu, hazitoshi kwa safari ya Moroni, maana katikati ya njia hakuna anayekusikia kutoka nchi kavu. Mtahitaji redio ya masafa marefu au mawasiliano ya setilaiti. Na msisahau SART moja, mtambo unaowaonyesha waokoaji mlipo kwenye rada zao, na redio mbili za mkononi za VHF zisizoingia maji, hizo kwa meli ya kati ya GT 300 na 500 hazina mjadala.

Moto. Hapa nazungumza kama mtu wa injini. Kwenye chumba cha mitambo cha meli ya 1984 mtakuta pengine chupa za kaboni dioksidi zimepangwa kwenye kijumba chake. Muuzaji atawaonyesha kibandiko cha mwaka huu. Msikubali kibandiko. Ombeni kila chupa ipimwe uzito au kiwango cha gesi mbele ya mkaguzi wenu, na iliyopungukiwa ijazwe upya. Fuateni bomba kwa macho kutoka kwenye chupa mpaka ndani ya chumba cha injini. Nimewahi kulifuata nikakuta limekatwa kupisha kiyoyozi, na kipande kimezibwa kwa kitambaa kilichopakwa rangi. Kisha zimeni feni, fungeni vifuniko vya hewa vyote, mmoja mmoja. Vile vilivyoshikwa na kutu visivyofunga ndivyo vitakavyoitoa gesi nje na kuingiza hewa ya kulisha moto. Gesi hiyo inatakiwa kuingia kwa sehemu kubwa, asilimia 85, ndani ya dakika mbili, na inaua mtu kama inavyoua moto. Kwa hiyo kabla ya kuifungulia, nahodha lazima awe amehesabu watu wote. Hesabu hiyo ni sehemu ya mfumo kama zilivyo chupa zenyewe.

Nje ya chumba cha injini kuna mikono ya kufunga mafuta kutoka kwenye matangi. Vuteni kila mmoja. Kuna pampu ya moto ya dharura iliyo mahali pengine, yenye nguvu yake yenyewe. Mwambieni muuzaji aiwashe, na mipira miwili ifunguliwe kwa pamoja, mmoja omoni, mbele ya meli, na mwingine tezini, nyuma. Maji yakitoka kama ya bomba la uani, mmejua. Akisema betri imekufa leo, rudini kesho. Akisema hivyo kesho pia, mmepata jibu.

Kuna kifaa kidogo ambacho meli za kiwango cha SOLAS zinalazimika kuwa nacho tangu Julai 2016, na nyie mkinunue hata kama hakuna atakayewauliza: kipimo cha hewa cha mkononi. Chuma kinachopata kutu ndani ya tangi lililofungwa kinakula oksijeni. Mbata inakula oksijeni. Mkaa na vyuma chakavu vinakula oksijeni. Hewa ya kawaida ina karibu asilimia 21. Mtu anayeshuka kwenye tangi lenye kiasi pungufu sana ya hicho hasikii harufu wala hakohoi, anaanguka tu kama aliyezimwa swichi. Mwenzake aliye juu anamwona, moyo unamtuma, anashuka. Halafu wa tatu. Mabaharia wengi wamekufa kwa upendo wa namna hiyo. Wafundisheni wenu kwamba anayeanguka tangini hafuatwi mpaka hewa ipimwe na mitungi ya kupumulia ivaliwe, na mfanye zoezi hilo kwa mwanasesere kila baada ya miezi miwili.

Umeuliza kuhusu vifaa vilivyotumika. Meli zinazokatwa Alang kule India hutoa bidhaa nyingi nzuri, na sioni kosa kununua kutoka huko nanga, mnyororo wenye cheti, meza, jiko, hata pampu mkiifungua na kuipima. Lakini jaketi, fataki, haidrostatiki na EPIRB nunueni vipya. Povu la jaketi kuukuu hukakamaa, na halikuambii lilikaa juani miaka mingapi. Rafti iliyotumika inunuliwe tu kama kituo cha kiwanda chenyewe kimeifungua na kukubali kuitolea cheti kwa jina la meli yenu. Wapo wanaosema rafti ni rafti. Mimi nimeona moja ikifunguliwa ikatoa vumbi la gundi.

Vifaa vyote hivyo ni kwa ajili ya saa ambayo meli imeshashindwa. Kinachoizuia isifike huko ni mwili wake na jinsi inavyopakiwa, na kwa meli ya umri huo hapo ndipo pesa zenu ziende kwanza. Ombeni vipimo vya unene wa bati vya hivi karibuni, ombeni tarehe ya mwisho kuingia gudi, yaani kutolewa majini kwa ukaguzi, kwa sababu sehemu ya chini inatakiwa kuonwa mara mbili ndani ya miaka mitano. Kama ina klasi, yaani cheti cha shirika linalothibitisha ubora wa mwili na mitambo ya meli, mwiteni mwenye klasi awape orodha ya masharti yanayodaiwa. Muuzaji akikataa kuruhusu hilo, ondokeni. Mifuniko ya ngama za mizigo mwagieni maji kwa mpira wa moto huku mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Saruji yenu itawashukuru.

Kisha ombeni kitabu cha uthabiti, kile kinachoeleza meli ibebe nini, wapi, na isimame vipi. Wengi hukiona kama vitabu vya shule, kinafungiwa kabatini kwa nahodha. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar, katikati ya kusi. Ilikuwa imejengwa 1989 na miaka mingi ilivusha watu kwenye maji yaliyokingwa ya Puget Sound, Marekani. Miezi kumi kabla yake, tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, ikiwa imejaa watu na mizigo kupita kiasi. Sisi wa mwambao hatuhitaji kuelezwa zaidi, kila mtaa Unguja na Pemba una jina la mtu. Meli yenu kama ilizoea Ghuba, mwulizeni mkaguzi kama uthabiti wake ulikokotolewa kwa bahari ya wazi, na kama kuna mtu aliongeza kreni au ghorofa juu yake bila kuupima upya. Ile duara yenye mstari ubavuni, na ngazi ya herufi iliyo kando yake, ndiyo inayowaambia mwisho wa kupakia. Mstari unaofunikwa na maji kwa sababu ya mifuko 200 ya ziada ni mstari uliofutwa.

Na namba ya mwisho ambayo muuzaji hakuitaja ni 12. Meli ya mizigo inayobeba abiria zaidi ya 12 inageuka kuwa meli ya abiria mbele ya sheria, na masharti yote niliyoyataja yanabadilika kuwa mazito zaidi. Najua mambo ya kwetu. Mfanyabiashara atakuja na magunia yake akisema atalala juu yake, kisha na mpwa wake, kisha mama mwenye mtoto anayekwenda mazishini Chake. Kumkataa mtu wa namna hiyo gatini ni kazi ngumu kuliko kununua rafti. Amueni mapema nyie watatu, mwandikieni nahodha kwa maandishi, na asiadhibiwe siku atakapoondoka na meli nusu tupu kwa kutii.

Mabaharia wawe na vyeti vinavyolingana na meli, na mfanye zoezi la moto na la kuihama meli kila mwezi. Wakibadilishwa zaidi ya robo yao, zoezi lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kung'oa nanga.

Mkienda Sharjah, kabla ya kuangalia injini wala rangi, pandeni juu mahali rafti zilipo. Piga picha ya karibu pale kamba inapoungana na kiungo chekundu, na nyingine ya tarehe iliyotobolewa kwenye haidrostatiki, pande zote mbili za meli. Nitumie hizo nne kwanza. Nitazijibu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.